Kauri Yenye Vitundu na Uungaji wa Mfupa Uliovunjika

Barabara itokayo Korogwe kwenda Magoma hupita chini ya milima ya Usambara, penye mashamba ya mkonge. Kama ilivyo mahali pengi nchini, watu wa huko siku hizi husafiri sana kwa pikipiki, na ajali za pikipiki huvunja mifupa. Tuchukue mfano wa kijana anayeanguka na kuvunjika muundi karibu kabisa na goti. Kichwa cha mfupa kimebonyea ndani, kama kifuniko cha debe kilichokanyagwa. Daktari wa mifupa aweza kukiinua kichwa hicho hadi mahali pake, lakini chini yake hubaki pengo lenye ukubwa wa ndimu ndogo. Pengo hilo lisipojazwa, uso wa goti waweza kubonyea tena, na kijana akabaki na kilema kwa maisha yake yote.

Je, pengo hilo lijazwe kwa kitu gani? Makala haya yanaeleza jibu moja ambalo wanasayansi wamelifanyia kazi kwa zaidi ya miaka mia moja, nalo ni kauri yenye vitundu ambayo mwili huiyeyusha polepole na kuweka mfupa halisi mahali pake. Mwanafunzi ataona kwamba msingi wa jambo hili ni kemia, fizikia na biolojia zile zile anazosoma shuleni.

MFUPA NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani kwamba mfupa ni kitu kikavu, kisicho na uhai. Sivyo. Kwa uzito, kiasi cha theluthi mbili ya mfupa ni madini, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni protini iitwayo kolajeni pamoja na maji. Madini hayo ni ya jamii ya haidroksiapataiti, ambayo fomula yake ni Ca10(PO4)6(OH)2.

Kazi ya kila sehemu yaweza kuonyeshwa darasani bila gharama. Loweka mfupa wa paja la kuku katika siki kwa siku kadhaa, ukibadilisha siki mara moja au mbili. Asidi itayeyusha madini, na utabaki na kitu laini kinachopindika kama mpira. Hicho ni kolajeni. Kisha uchome mfupa mwingine katika moto mkali wa mkaa mpaka uwe mweupe. Protini yote itaungua, na utabaki na kitu chenye umbo la mfupa lakini kinachovunjika kwa kukibana kwa vidole. Kumbe madini huupa mfupa ugumu, na kolajeni huuzuia usivunjike kama chaki.

Jambo la tatu halionekani kwa macho. Ndani ya mfupa hai mna seli za namna mbili ambazo hazipumziki. Seli wabomoaji hutoa asidi na vimeng'enya, wakala mfupa wa zamani. Seli wajenzi huja nyuma yao na kuweka mfupa mpya. Kwa hiyo mfupa hubomolewa na kujengwa upya muda wote tuishio. Msomaji aikumbuke sana habari hii ya seli wabomoaji, kwa sababu ndiyo inayowezesha kauri kuondoka mwilini.

NJIA ZA KUZIBA PENGO

Njia ya kwanza, na ambayo mpaka leo huchukuliwa kuwa kipimo cha njia nyingine zote, ni kuchukua mfupa wa mgonjwa mwenyewe, aghalabu kutoka nyonga, na kuupandikiza penye pengo. Mfupa huo una seli hai na mwili haukatai kilicho chake. Lakini mgonjwa hupata jeraha la pili, ambalo pengine huuma kuliko la kwanza, tena kiasi kinachoweza kuchukuliwa ni kidogo, hasa kwa mtoto.

Njia ya pili ni kutumia mfupa wa mtu mwingine aliyefariki. Njia hii yahitaji benki ya mifupa, majokofu yasiyokatikiwa umeme, na upimaji makini ili maradhi kama UKIMWI na homa ya ini yasihamishwe.

Njia ya tatu ni kutengeneza kipandikizi. Mwaka 1892, daktari wa Kijerumani aitwaye Dreesmann alitoa habari za kujaza mapengo ya mifupa kwa plasta, yaani salfeti ya kalsiamu. Mwaka 1920, Albee na Morrison wa Marekani walieleza kwamba fosfeti ya kalsiamu iliyotiwa penye mfupa uliovunjika ilisaidia uungaji. Hata hivyo, vipandikizi vya kauri vilianza kutumika kwa wingi hospitalini katika miaka ya 1970 na 1980, baada ya sayansi ya kauri yenyewe kukomaa.

KEMIA YA KAURI HIZI

Kauri ni kitu kigumu kisicho metali wala plastiki, ambacho hupata ugumu wake kwa kuchomwa. Chungu, tofali na kikombe cha chai ni kauri. Katika kuchomwa, chembe za unga haziyeyuki zikawa maji, bali hushikamana pale zinapogusana, na nafasi zilizo kati yake hupungua.

Kauri mbili hutumika zaidi katika kuunga mfupa. Ya kwanza ni haidroksiapataiti tuliyokwisha kuitaja. Ya pili ni traikalsiamu fosfeti, Ca3(PO4)2. Zote mbili zaweza kutengenezwa kwa chokaa iliyozimwa na asidi ya fosfori:

10Ca(OH)2 + 6H3PO4 → Ca10(PO4)6(OH)2 + 18H2O

3Ca(OH)2 + 2H3PO4 → Ca3(PO4)2 + 6H2O

Hizi ni milinganyo ya jumla. Katika maabara kazi hupitia hatua kadhaa, na traikalsiamu fosfeti hupatikana kamili baada ya kuchomwa. Mwanafunzi agawanye idadi ya atomu za kalsiamu kwa idadi ya atomu za fosforasi. Katika haidroksiapataiti atapata 10/6, yaani 1.67, katika traikalsiamu fosfeti atapata 3/2, yaani 1.50. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua iwapo kipandikizi kitakaa mwilini kwa miezi au kwa miaka mingi. Anayechanganya dawa hizi hana budi kupima kwa uangalifu mkubwa.

Joto nalo lina sheria yake. Traikalsiamu fosfeti ina maumbo kadhaa ya fuwele. Umbo liitwalo beta, ambalo hupendelewa kwa vipandikizi, hugeuka kuwa alfa joto lipitapo kiasi cha nyuzi 1125 za Selsiasi. Umbo la alfa huyeyuka upesi zaidi. Kwa hiyo tanuri lisilo na kipimajoto cha kuaminika haliwezi kutoa kauri ya kuaminika.

KASI YA KUTOWEKA

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Mtu aweza kudhani kwamba kipandikizi bora ni kile kinachodumu. Kwa jino la bandia, ni kweli. Kwa pengo la mfupa, sivyo, kwani kauri iliyobaki katikati ya mfupa ni kitu kisicho hai, kisichoweza kujikarabati kinapopata ufa. Tunachotaka ni kitu kitakachoshika nafasi kwa muda, kisha kiondoke hatua kwa hatua kadiri mfupa unavyoingia. Fundi mwashi hutumia mbao kushikilia tao la matofali: akiziondoa kabla saruji haijakaza, tao huanguka, asipoziondoa kamwe, mlango hautapitika.

Kauri huondoka kwa njia mbili. Kwanza, majimaji ya mwili huiyeyusha kidogo kidogo kama chumvi isiyopenda kuyeyuka. Pili, seli wabomoaji huijia na kuila kama walavyo mfupa wa zamani.

Tukilinganisha vitu vitatu, tunaona hivi. Plasta hutoweka katika majuma machache, na mara nyingi mfupa huwa bado haujafika. Haidroksiapataiti iliyochomwa vizuri hukaa mwilini kwa miaka mingi. Traikalsiamu fosfeti ya umbo la beta huwa katikati, kwani huhitaji miezi kadhaa hadi kama miaka miwili, kwa kutegemea ukubwa wa kipande na wingi wa vitundu vyake. Ndiyo maana wataalamu wengi huchanganya kauri hizi mbili, wakiongeza au kupunguza moja ili wapate kasi waitakayo.

VITUNDU NA NGUVU

Mfupa hauwezi kuingia katika jiwe lisilo na mlango. Seli zahitaji nafasi ya kupita, na nyuma yao lazima ije mishipa ya damu inayoleta hewa na chakula. Katika mwaka wa 1970 Hulbert na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba vitundu vyapasa kuwa na upana wa angalau mikroni 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita, ili mfupa kamili uingie. Utafiti wa baadaye ulipendelea vitundu vyenye upana wa zaidi ya mikroni 300, ili mishipa ya damu isisongwe. Tena vitundu hivyo havina budi kuungana. Kitundu kilichozibwa pande zote ni chumba kisicho na mlango. Kinapunguza nguvu ya kauri bila kuusaidia mfupa.

Lakini kila kitundu kina gharama. Nguvu ya kauri hupungua kwa kufuata kanuni hii:

N = N0 × e^(−nP)

N ni nguvu ya kauri yenye vitundu, N0 ni nguvu ya kauri isiyo na vitundu, P ni sehemu ya ujazo iliyo tupu, na n ni namba ambayo kwa kauri nyingi huwa kati ya 4 na 7. Tuseme n ni 5. Basi kila nafasi tupu inapoongezeka kwa asilimia 14 ya ujazo wote, nguvu hupungua kwa nusu. Kauri yenye nguvu ya megapaskali 200 isipokuwa na vitundu, itakuwa na takriban megapaskali 10 ikiwa asilimia 60 ya ujazo wake ni tupu.

Je, megapaskali 10 zinatosha? Mfupa mgumu wa ganda la nje hustahimili mgandamizo wa kati ya megapaskali 100 na 200, hivyo kauri yetu haiwezi kushika nafasi yake. Lakini mfupa wa ndani, ule ulio kama sifongo karibu na viungo, hustahimili kiasi cha megapaskali 2 hadi 12 tu. Sasa twaelewa kwa nini mfano wetu ulikuwa wa muundi uliobonyea karibu na goti: huko ndiko kauri yenye vitundu inakofaa. Hata hapo, daktari huweka bamba la chuma na skrubu ili zibebe uzito wakati mfupa unakua. Pengo refu katikati ya muundi halizibwi kwa kauri peke yake, wala kauri haiwekwi penye usaha.

JINSI VITUNDU VINAVYOTENGENEZWA

Kuna njia nyingi, lakini mbili zatosha kwa somo hili. Katika njia ya kwanza, unga wa kauri huchanganywa na kitu kinachoungua, kama wanga au nta. Mchanganyiko ukichomwa polepole, kitu hicho hutoka kama moshi na kuacha umbo lake ndani ya kauri. Katika njia ya pili, sifongo ya plastiki huchovywa katika uji wa kauri, hukamuliwa, hukaushwa, kisha huchomwa. Plastiki huungua, na kauri hubaki na umbo la sifongo, vitundu vyake vyote vikiwa vimeungana.

Hapa msomaji wa Magoma, au wa shamba lolote la mkonge, atazame kitu alichokizoea. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na tangu hapo umejulikana kwa kamba na magunia. Lakini unyuzi wa mkonge huwa na unene wa kiasi cha mikroni 100 hadi 300, yaani karibu na upana ule ule unaotakiwa na mfupa. Ukifukiwa katika unga wa kauri na kuunguzwa, huacha mfereji mrefu, na mifereji mingi iliyokingamana huungana. Kwa hiyo unyuzi huu wafaa sana kufundishia jambo tunalolizungumza, kama tutakavyoona katika jaribio.

MALIGHAFI YETU

Afrika Mashariki haina upungufu wa kalsiamu wala fosfeti. Chokaa iko Tanga. Fosfeti iko Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, na katika miaka ya 1980 ilipelekwa katika kiwanda cha mbolea cha Tanga, ambacho kilifungwa baadaye. Fosfeti ya Minjingu ilitokana na viumbe hai, na ndani yake mna mabaki ya mifupa ya ndege wa kale. Je, isichukuliwe moja kwa moja ikatiwa katika mfupa wa mtu? La. Mwamba huo una floraidi na pia urani. Floraidi hushika nafasi ya OH katika apataiti:

Ca10(PO4)6(OH)2 + 2F⁻ → Ca10(PO4)6F2 + 2OH⁻

Apataiti yenye floraidi huyeyuka kwa shida zaidi, hivyo hata bila ya urani isingefaa kwa kipandikizi kinachotakiwa kuondoka. Kinachofaa kwa shamba la mahindi si lazima kifae kwa mwili.

Badiliko hilo hilo la kemia limekuwa na manufaa mahali pengine. Katika sehemu za Arusha, maji ya kunywa yana floraidi nyingi, ambayo huharibu meno na mifupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchoma mifupa ya ng'ombe katika hewa kidogo na kuitumia kuchuja maji. Apataiti ya mifupa huikamata floraidi. Mifupa ya ng'ombe yaweza pia kuwa asili ya kauri ya upasuaji, na nchi nyingine huuza vipandikizi vya namna hiyo. Ila huko husafishwa, huchomwa na kupimwa kwa taratibu kali, ili pasibaki protini wala vijidudu.

Matumbawe ya baharini nayo ni kabonati ya kalsiamu yenye vitundu vilivyoungana. Mwaka 1974 Roy na Linnehan wa Marekani walieleza namna ya kuyageuza kuwa haidroksiapataiti bila kuharibu vitundu vyake, kwa kutumia fosfeti ya amonia katika kanieneo kubwa. Hata hivyo, matumbawe ya pwani yetu ni nyumba ya samaki na ngome ya ufukwe. Yasivunjwe kwa sababu hiyo, maadamu maganda ya mayai na mawe ya chokaa yana kabonati ile ile.

JARIBIO LA SHULE

Jaribio hili latumia udongo wa mfinyanzi, wala si fosfeti. Lakini sheria ya vitundu na nguvu ni moja. Ni vema mwalimu awashirikishe wafinyanzi wa kijijini, ambao wanaujua udongo na moto kuliko kitabu.

1. Chekecha udongo mkavu. Pima mafungu manne ya gramu 200.

2. Kata nyuzi kavu za mkonge vipande vya milimita 5. Fungu la kwanza lisitiwe kitu. La pili litiwe gramu 4, la tatu gramu 8, la nne gramu 12. Ongeza maji na ukande sana.

3. Kutoka kila fungu, finyanga vipande viwili vyenye urefu wa sentimeta 10, upana 2 na kimo 2. Kausha kivulini kwa juma moja, kisha vichomwe pamoja na vyungu.

4. Pima uzito wa kila kipande kikiwa kikavu (A). Kichemshe katika maji kwa saa mbili, kiache kipoe humo humo. Kipime kikining'inia ndani ya maji (B). Kipanguse, ukipime tena hewani kikiwa kimelowa (C). Kisha:

Asilimia ya vitundu = (C − A) ÷ (C − B) × 100

Kwa mfano, A ikiwa gramu 60, B 36 na C 76, vitundu ni 16 ÷ 40, yaani asilimia 40.

5. Kausha tena vipande. Laza kila kimoja juu ya vigingi viwili, ning'iniza ndoo katikati, na umimine mchanga polepole hadi kipande kivunjike. Pima ndoo na mchanga.

Chora grafu ya uzito uliovunja dhidi ya asilimia ya vitundu. Tazama pia mivunjiko kwa kioo cha kukuzia, uone mifereji iliyoachwa na mkonge.

Onyo: kauri iliyotengenezwa shuleni au kijijini isitiwe kamwe katika kidonda wala mwilini.

HITIMISHO

Kati ya jiwe lililo ardhini na kipandikizi kilicho mkononi mwa daktari kuna safari ndefu: kusafisha, kupima uwiano wa 1.50 au 1.67, kutawala joto la tanuri, kuhesabu vitundu, kuua vijidudu, na kufanya majaribio ya miaka kabla ya mgonjwa wa kwanza. Safari hiyo haikatwi kwa kuwa na malighafi tu. Hukatwa na watu wanaoweza kupima kwa usahihi na kusema kweli juu ya walichokipima. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996, ina madaktari wa kukitumia kipandikizi, na vyuo vikuu vyetu vina wanakemia. Yule atakayeunganisha pande hizo mbili huenda leo yuko kidato cha pili.

MASWALI

1. Kipande cha traikalsiamu fosfeti chenye ujazo wa sentimeta ya ujazo 1 kina uzito wa gramu 1.23. Densiti ya traikalsiamu fosfeti isiyo na vitundu ni gramu 3.07 kwa sentimeta ya ujazo. Tafuta asilimia ya vitundu.

2. Kwa nini vitundu vingi visivyoungana ni hasara mara mbili?

3. Eleza kwa nini apataiti yenye floraidi haifai kwa kipandikizi kinachotakiwa kutoweka, ingawa apataiti ya mifupa inafaa kwa kuondoa floraidi katika maji.

4. Katika grafu yako, je, nguvu ilipungua kwa mstari ulionyooka au kwa mkunjo? Linganisha na kanuni iliyotolewa.